Sauti Inayokuja Nyuma

Nikifika shule, kabla sijafungua kasha lolote wala kuulizia swichi ya stima, nasimama katikati ya bwalo na kupiga kofi. Kofi moja, kavu. Kisha nalisikiliza linavyofifia. Wanafunzi walio na zamu ya kupanguza meza hunitazama, wakatazamana, wakaendelea na kazi yao. Kofi hilo hunieleza mambo ambayo mwalimu mkuu hawezi kunieleza: kama juu kuna dari au ni bati tupu, kama ukuta wa nyuma ni wa mawe au wa mbao, na kama alasiri hiyo maneno ya waigizaji yatafika benchi la mwisho yakiwa bado maneno.

Mimi ni mtu wa sauti katika kikundi kinachozunguka shule za upili kikiigiza tamthilia za Kiswahili, zile ambazo wanafunzi huziita setibuku. Kwa asiyetoka Kenya nieleze kidogo: watahiniwa wa kidato cha nne huulizwa maswali kuhusu tamthilia iliyoteuliwa, na ili kitabu kiwakae kichwani, shule hualika kikundi kije kukiigiza. Kila mwanafunzi hutoa pesa kidogo, meza za bwalo husukumwa kando, na kwa saa mbili hivi wahusika waliokuwa wino wanakuwa watu wenye jasho. Nairobi kuna Kenya National Theatre, iliyofunguliwa mwaka 1952, yenye mapazia mazito na giza linalopatikana kwa kubonyeza kitufe. Naipenda. Lakini nikiwafikiria Wakenya ambao mchezo wao wa kwanza waliuona bwaloni, juu ya benchi lile lile walilokalia saa saba wakila githeri, naona kwamba ukumbi wetu wa taifa hasa ni bwalo.

Mwalimu anayesimamia huwa na swali moja, shule zote: "Spika zenu zina nguvu?" Namjibu kwamba zinatosha, naye haridhiki. Angependa kusikia kwamba zitatikisa madirisha. Simlaumu. Watu wengi huamini kwamba asiyesikika anahitaji kuongezewa sauti, na uwanjani huenda ni kweli. Ndani ya bwalo lenye sakafu ya saruji na kuta za mawe, ukiongeza sauti umeongeza tatizo. Silabi ya kwanza inagonga ukuta na kurudi wakati ya tatu inatoka kinywani, zinakutana njiani, na mwanafunzi wa nyuma anapokea mvumo mkubwa ambao anajua ni Kiswahili ila hajui kinasema nini.

Aliyelipigia hesabu tatizo hili ni Wallace Sabine, mwalimu kijana wa fizikia wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani. Mwaka 1895 chuo kilikuwa na ukumbi mpya wa mihadhara katika jumba la Fogg, na ukumbi haukufaa kitu: neno lililosemwa kwa sauti ya kawaida liliendelea kuvuma kwa zaidi ya sekunde tano, hivyo kila sentensi ya mhadhiri ilizungumza juu ya sentensi zilizotangulia. Sabine aliazima matakia ya viti kutoka ukumbi wa Sanders, akayabeba na wasaidizi wake usiku mji ukiwa umetulia, akayapanga, akapuliza bomba la kinanda, akapima kwa saa muda ambao mlio ulichukua kunyamaza. Kisha akaongeza matakia mengine na kupima tena. Kukikaribia kucha yalirudishwa yalikotoka. Kazi hiyo ya usiku aliiendeleza kwa miaka, na kanuni aliyoipata ndiyo iliyoongoza ujenzi wa Symphony Hall ya Boston, iliyofunguliwa mwaka 1900.

Mimi kinachonivutia ni matakia zaidi kuliko kanuni. Kwa sababu jambo jingine aliloliona Sabine ni kwamba miili ya watu, pamoja na nguo zao, hunywa sauti kama yanavyoinywa matakia. Bwalo la saa nne asubuhi na bwalo la saa nane mchana lenye wanafunzi 600 waliovaa sweta ni vyumba viwili tofauti. Matayarisho yangu ya asubuhi ni makisio tu, napima chumba ambacho baada ya chakula hakitakuwapo. Namkumbuka fundi mmoja, mwenye masikio makali kuliko yangu, aliyekuwa akishinda na mikisa, mashine ya kuchanganyia sauti, asubuhi nzima hadi kila kitu kimekaa sawa, na watu wakianza kuingia anakunja uso. Walikuwa wamekuja kumharibia. Alikuwa ametayarisha onyesho zuri mno, kwa ajili ya mabenchi. Nimeona wazazi wakilea hivyo pia, na wachungaji wakiandika mahubiri hivyo.

Lakini kilichonifunza zaidi katika kazi hii ni ucheleweshaji. Bwalo refu halitoshelezwi na spika za mbele, kwa hivyo naweka jozi nyingine katikati, kama mita 20 kutoka jukwaani. Umeme hupita kwenye waya papo hapo, ilhali sauti hutembea hewani kwa takriban mita 340 kwa sekunde. Maana yake, nikiiacha ilivyo, spika ya katikati itasema neno kabla neno hilo halijawasili kutoka kinywani mwa mwigizaji. Mwanafunzi aliye karibu nayo atamwona mhusika jukwaani lakini atamsikia kwenye nguzo iliyo ubavuni mwake. Jicho linakwenda huku, sikio kule, na baada ya dakika kumi amechoka bila kujua kilichomchosha.

Dawa yake ni kuiambia spika ingoje. Mita 20 ni kama milisekunde 59. Naongeza nyingine kumi au kumi na tano, ili sauti halisi ya mwigizaji, hata ikiwa hafifu, itangulie kufika, na ya spika ifuate. Kuhusu jambo hili Mjerumani Helmut Haas aliandika tasnifu ya udaktari huko Göttingen mwaka 1949. Aligundua kwamba sikio huamini sauti inatoka upande ule ilikotangulia kutoka. Inayofuata ndani ya muda huo mfupi haisikiki kama sauti ya pili, inaitia nguvu ya kwanza tu. Inaweza hata kuizidi kwa desibeli 10, ambazo sikioni ni kama ukubwa maradufu, na bado msikilizaji ataapa kwamba amemsikia mwigizaji mwenyewe, kwa kinywa chake, bila msaada. Siku nikiipanga vizuri, mwalimu hunijia baada ya onyesho akaniuliza, "Kumbe leo spika hamkuwasha?" Sijawahi kupewa sifa kubwa kuliko hiyo, na anayeitoa huwa hana habari kwamba ananisifu. Mara nyingi huwa analalamikia pesa yake.

Ugunduzi wa Haas nimeuona ukifanya kazi kwenye vikao vya mazishi. Kwetu baba mkubwa ndiye hufungua mazungumzo, na siku hizi sauti yake imebaki kidogo. Husema sentensi mbili, akakohoa, akaketi. Kisha baba mdogo, mwenye kifua, husimama akayarudia yale yale kwa nguvu, akiyatilia nyama: mchango wa kila nyumba, bei ya jeneza, gari la kuwaleta watu wa Eldoret. Watu wakitoka nje wanasema, "Mzee amesema." Hakuna anayesema baba mdogo amesema, ingawa aliyesikika hadi kwenye migomba ni yeye. Siku moja nilimuuliza kama jambo hilo halimuumi. Akacheka. "Kijana," akaniambia, "ningetangulia mimi, nani angetoa hata shilingi?"

Sitaki kulipamba jambo hili kupita kiasi. Kuna wanaokuja nyuma kwa hiari na kuna wanaosukumwa nyuma. Katika ukoo huo huo, mpango wenyewe huwa umepikwa na mama zetu jikoni usiku wa kuamkia kikao, hadi idadi ya sufuria, kabla haujafika kinywani mwa mzee. Sikio halina habari na hilo. Halichunguzi nani aliwaza, linachunguza nani alitangulia kusikika, na hapo ndipo linapodhulumu. Spika yangu inangoja kwa sababu nimeipangia kungoja, kwa faida ya mtu aliyesimama mbele akisema maneno aliyoyatolea jasho. Pasipo na mtu huyo, kungoja kunageuka kunyamazishwa, na vitu hivyo viwili kwa nje vinafanana sana.

Historia ya kazi yetu ina sauti nyingi zilizokataa kungoja. Tarehe 29 Juni 1613, jijini London, ukumbi wa Globe ulikuwa ukionyesha tamthilia ya Shakespeare kuhusu Mfalme Henry VIII, na mfalme alipoingia mzinga halisi ulifyatuliwa kumpokea. Cheche zikatua kwenye paa la nyasi. Ukumbi wote ukateketea. Hakufa mtu, na inasimuliwa kwamba bwana mmoja suruali yake ilishika moto, akajizima kwa bia. Mwelekezi akinidai mlipuko mkubwa kuliko mchezo wenyewe humsimulia kisa hiki, na kwa kawaida hupunguza. Baadaye mafundi wa Theatre Royal ya Bristol, iliyofunguliwa mwaka 1766, walifikiri vizuri zaidi. Juu ya dari waliweka mifereji ya mbao iliyoinama, na matufe mazito yakiachiliwa humo yanabingirika na kushuka, ngurumo ikiwapita watazamaji vichwani. Jengo lenyewe ndilo linalonguruma.

Sisi tuna bati. Ni kipande chembamba cha chuma, kirefu kama mtu mzima, kinachoning'inizwa kwa kamba. Ukishika ncha ya chini na kuitikisa, radi inapiga. Vijana wa kikundi hulicheka kwa sababu ndani ya kompyuta tuna ngurumo za kila aina, za mbali na za karibu, zenye mvua na zisizo na mvua. Nimekataa kulitupa. Sababu moja ni kwamba stima hukatika na jenereta za shule zina tabia zake. Sababu nyingine ni kwamba anayelitikisa anamwona mwigizaji. Leo akivuta pumzi ndefu kuliko ya jana, ngurumo nayo inangoja pumzi hiyo. Rekodi haina macho wala masikio. Ikishaanza, imeanza.

Tulipokuwa tukiigiza Kigogo ya Pauline Kea, tofauti hiyo niliiona kwa macho. Mchezo unafunguka kwenye karakana katika Soko la Chapakazi, Sudi na wenzake wakichonga vinyago. Mwelekezi alikuja na rekodi safi ya patasi na nyundo. Tukaijaribu. Ilikwenda mwendo wake, tak, tak, tak, huku Sudi akiinua mkono mapema, akichelewa, akimgeukia mwenzake Boza amjibu. Nikaomba tununue gogo. Tukapata kipande cha mjakaranda kwa wachongaji, nikafunga maiki ndogo chini ya meza, na mwigizaji akachonga kweli. Mwanzoni alichonga vibaya sana. Baadaye akaanza kugundua kwamba patasi nayo inazungumza. Boza akisema jambo la kuudhi, pigo linalofuata linakuwa zito. Patasi ikisita katikati ya sentensi ya mwenzake, bwalo zima linajua kwamba Sudi hajakubali. Hakuna aliyeyaandika hayo kwenye kitabu chochote, wala mimi sikumfundisha. Kazi yangu ilikuwa kuifungua maiki ile kiasi cha kutosha na kujizuia kuigusa tena. Kufikia mwisho wa muhula gogo lilikuwa limeliwa nusu, na nadhani lilikuwa mhusika mzuri kuliko baadhi yetu.

Kisha ikaja Bembea ya Maisha ya Timothy Arege, na hapo tuligombana. Sara, mama wa familia ile, anaugua moyo. Katika onyesho letu tulimlaza kitandani hospitalini, na mwelekezi akataka ule mlio wa mashine ya moyo unaosikika katika kila filamu: tii, tii, tii. Alisema watazamaji wataelewa mara moja kwamba hapa ni hospitali. Nilimjibu kwamba wataelewa kuwa hapa ni filamu.

Nilikuwa na sababu yangu. Miezi michache kabla ya hapo mama yangu alikuwa amelazwa katika hospitali ya kaunti, nami nikawa nalala kwenye kiti kando ya kitanda chake. Mashine ya namna hiyo haikuwapo wadini. Kilichokuwapo ni ndara zikiburutwa sakafuni, mfuniko wa chupa ya chai ukizungushwa na mgeni wa kitanda cha pili, mtu akisali kwa sauti ya chini, kikohozi kinachoanzia kitanda cha mbali na kupokelewa kitanda cha karibu. Na toroli ya dawa. Ilikuwa na gurudumu moja bovu lililolia kila lilipokamilisha mzunguko, na usiku lilikuwa ndiyo saa yetu. Mama alilitambua likiwa bado mwisho wa ujia. "Anakuja na sindano yangu huyo," aliniambia gizani, na ukweli ni kwamba alikuwa anakuja na sindano yake.

Mwelekezi alikubali tujaribu mara moja. Tukachukua toroli ya jikoni ya shule tuliyokuwamo, tukainyima mafuta, na kijana mmoja akaisukuma nyuma ya pazia, kuanzia mbali kabisa. Hapakuwa na ndara wala kikohozi wala kitu kingine. Neema, binti wa Sara, anazungumza na mama yake, na gurudumu linakuja. Katika shule nyingi hakuna anayeligeukia. Lakini kila mara kuna vichwa viwili vitatu vinavyoinuka kabla ya vingine vyote, na mimi nikiwa nyuma kwenye mikisa navijua ni vichwa vya nani: ni vya waliowahi kulala kwenye kiti. Tangu hapo nimeacha kuuliza kama sauti fulani itaeleweka na wote. Nauliza kama kuna hata mmoja itakayemgusa mahali ambapo yeye mwenyewe hajawahi kupasimulia. Mama alirudi nyumbani, mzima, na hupenda kuwaambia wageni kwamba mwanawe anauza ugonjwa wake mashuleni.

Watahiniwa wana shida yao, nayo ni kwamba wanakijua kitabu kuliko sisi. Mwigizaji anafungua kinywa, na watu 600 wanamalizia sentensi kwa pamoja, kisha wanajipigia makofi. Hapo wasikilizaji wanamtangulia msemaji, na hata Haas hana la kunisaidia. Waigizaji wapya huingiwa na hasira, wakaniashiria niwaongezee maiki. Mimi nazishusha. Kwa muda inakuwa vurugu tupu. Halafu mstari wa mbele unagundua kwamba haumsikii Sara huyu anavyolisema neno lile, Sara huyu wa leo mwenye kilemba cha njano, na unaanza kuwanyamazisha walio nyuma. Ssss zinapita bwaloni kutoka benchi hadi benchi. Wakishanyamazishana wao kwa wao, utulivu wao ni wa kudumu. Ule ninaoulazimisha kwa spika haufiki dakika tano.

Kuna sauti moja katika tamthilia za dunia inayonipinga katika haya yote, nami naiheshimu kwa ajili hiyo. Imo katika tamthilia ya mwisho ya Mrusi Anton Chekhov, inayohusu bustani ya micheri inayouzwa, iliyoigizwa kwa mara ya kwanza Moscow mwaka 1904. Watu wameketi nje, jua linatua, na ghafla unasikika kutoka mbali mlio kama wa uzi uliokatika. Hakuna kilichoutangulia wala kinachoueleza. Wahusika wanabaki kukisia: mmoja anadhani ni ndoo iliyoporomoka mgodini, mwingine anadhani ni ndege, mwingine bundi. Mwishoni mwa mchezo unarudi tena, na baada yake yanasikika mashoka kwenye miti. Kila fundi anayeipata tamthilia hiyo huusaka mlio huo upya, kwa waya, kwa chuma, kwa mitambo, na hadi leo hakuna aliyeufunga mjadala. Ajabu ni kwamba Chekhov huyo huyo alikuwa akilalamika kwamba mwelekezi wake, Stanislavski, anamjazia jukwaa vyura, nyenje na mbwa wanaobweka. Labda ndiyo maana. Aliyekuwa bahili wa sauti kiasi kile, akitoa moja bila maelezo, unamwamini.

Kuhusu kutambuliwa nitasema kwa ufupi. Tuzo za Tony za Marekani zilianza kuwatuza wasanifu wa sauti mwaka 2008. Mwaka 2014 wasimamizi wakaiondoa tuzo hiyo, na sababu iliyotajwa sana ni kwamba wapiga kura wengi hawakuelewa wanachokipigia kura. Mafundi wakapiga kelele, safari hii bila kuchelewesha, na tuzo ikarejeshwa kwa msimu wa 2017–18. Wapiga kura wale nawaelewa kidogo. Kazi ambayo ikifanywa vizuri mwalimu hudhani spika zilikuwa zimezimwa ni ngumu kuitolea alama. Jina langu halimo kwenye bango la kikundi, na sina neno. Kuja nyuma kwenye bango ni sawa. Kuja nyuma kwenye karatasi ya malipo ni habari nyingine, na hiyo huwa naizungumza mapema, tena kwa sauti.

Mvua ndiyo inayonishinda. Pande za Kakamega huja alasiri, saa ile ile tunayoigiza, na ikishatua juu ya bati hakuna spika duniani itakayoshindana nayo. Mwelekezi wetu ana utaratibu mzuri: waigizaji wanaketi ukingoni mwa jukwaa kama watu waliokinga mvua dukani, wala hawajidai kwamba mchezo unaendelea. Alasiri moja ilitukuta Sara akiwa kitandani. Tukaketi. Baada ya muda wanafunzi fulani wakaenda kwenye stoo iliyo pembeni mwa bwalo wakatoka na isukuti za chama chao cha muziki, kubwa, ya wastani na ndogo, ngoma za Waisukha na Waidakho, ambazo uchezaji wake UNESCO iliuorodhesha mwaka 2014 kati ya urithi unaohitaji kulindwa haraka. Siku ile haikuonekana kuhitaji ulinzi wowote. Isukuti ilikuwa kitu pekee bwaloni kilichoweza kuipita mvua.

Lakini kilichonisimamisha ni namna walivyomaliza. Mvua ilipoanza kupungua, nao walipungua. Ngoma kubwa ilijitoa kwanza, kisha ya wastani ikawa inapigwa kwa vidole, na ile ndogo ikabaki na matone ya mwisho hadi nikawa sijui ni kipi ninachokisikia. Kushusha sauti isijulikane ilikoishia ni jambo ninalohangaika nalo kila siku kwa kidole kimoja juu ya mikisa. Vijana wale walilifanya wakitazamana, bila kuhesabu. Sara akarudi kitandani na toroli ikaanza kulia kutoka mbali.

Onyesho likiisha, waigizaji huinama, mwalimu wa Kiswahili hushukuru, mtahiniwa aliyeteuliwa hutoa neno la shukrani lililojaa methali, na hapo bwalo lote hunigeukia. Wanajua kwamba ndani ya kompyuta mna muziki. Kwa kawaida naibu wa mwalimu mkuu anakubali nyimbo mbili. Basi naondoa ucheleweshaji wote, spika za mbele na za katikati zinasema kwa wakati mmoja, nazisukuma hadi taa nyekundu inapepesa, na ule mdundo mwalimu alioulizia asubuhi anaupata wote, pamoja na madirisha yake. Wimbo wa pili ukikaribia kwisha, mwalimu wa zamu hupanda jukwaani na kusimama kando ya spika kubwa, mkono juu, akitangaza kwamba muda umekwisha na watu waende prepu. Naona midomo yake ikitembea. Hushuka, akapita katikati ya wanaocheza hadi nilipo, akaniinamia sikioni: "Wewe mtu wa saundi, nipe maiki."

Siku moja ya Kigogo nilimwambia ile inayofanya kazi iko chini ya meza ya Sudi.